Barua ya Kumi na Saba

Asubuhi ile kliniki ya meno ilifurika. Benchi zote tatu zilijaa watu walioshika mashavu, na msichana wa mapokezi, gauni lake la kijani limepigwa pasi likanyooka, alikuwa ameikazia macho kompyuta kana kwamba imemtukana.

"Barua pepe elfu nne!" alinong'ona. "Nani kaahirisha, nani anakuja leo, nitajuaje mimi?"

"Hazijapangwa tu," ilisema sauti nzito mbele ya kaunta. Alikuwa kijana mrefu, shati la bluu, kalamu tatu mfukoni, shavu la kushoto limevimba kama kaficha limau.

"Wewe ni mgonjwa au fundi?"

"Leo ni vyote viwili, dada."

Daktari, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alichungulia mlangoni. "Kama anajua, mwache apange. Mbele yake bado kuna watu tisa."

Basi Fundi akazunguka kaunta. Akatengeneza folda: walioahirisha, wageni, wenye maumivu makali. Akaiamuru programu ioneshe namba kando ya kila barua, kuanzia moja hadi ya mwisho. Kisha akaitwa, akang'olewa jino, akaondoka na pamba mdomoni. Jioni akaandika: "Mashine inaendeleaje? Na mwenyewe je?"

Hiyo ndiyo iliyokuwa barua namba moja.

Barua zikafuatana. Kila mmoja akazitunza kwake, katika folda waliyoiita Yetu, za huyu na za yule zikifuatana kwa tarehe na kwa namba. Na kwa kuwa simu ya mapokezi ilisikiwa na benchi tatu nzima, wakazoea kuambiana namba tu.

"Nne," Fundi angesema. Nne ilikuwa: Unapendeza hata ukikunja uso.

"Kumi na mbili," naye angejibu, uso mkavu. Kumi na mbili ilikuwa: Nimekukumbuka tangu nilipoamka.

Hakuna mgonjwa aliyegeuka. Mtu wa mapokezi kazi yake si kutaja namba?

Waligombana mara moja, siku Fundi alipomsubirisha saa mbili nzima kwenye kituo cha basi. Barua ya kumi na nne na ya kumi na tano ziliandikwa kwa moto. Wakapatana. Lakini Ijumaa moja, kabla ya kufunga ofisi, msichana alizisoma tena, zikamchoma. Akasema, "Ee Mungu, nilishasamehe. Nazitunzia nini?" Akazifuta zote mbili. Programu ikamuuliza kama ipange namba upya. Akakubali, akazima mashine, akaenda nyumbani moyo mwepesi.

Jumanne iliyofuata ikaja hii: "Hii ni barua yetu ya thelathini, na ndiyo niliyokuwa naiogopa. Nataka kukuoa. Nimepewa kazi mji mwingine. Ukikubali, siendi, na Jumamosi naja na mama kwa wazazi wako. Nitapiga saa nne."

Msichana akaisoma mara mbili, akicheka peke yake. Akatafuta katika Yetu jibu zuri kuliko yote, akalipata. Saa nne simu ikalia.

"Umesoma?"

"Nimesoma."

"Basi niambie."

"Kumi na saba," alisema, akitabasamu mbele ya wagonjwa wote.

"Una hakika?" Fundi aliuliza.

"Sijawahi kuwa na hakika kama leo, mpenzi."

"Haya. Mungu akubariki." Simu ikakatika.

Jumamosi alivaa gauni la maua, hereni ndogo za dhahabu. Baba alikaa sebuleni na koti lake zuri. Chai ikapoa. Hakuna aliyekuja, na simu ya Fundi haikupatikana.

"Mwanangu, njoo ule," mama alimwambia giza lilipoingia. "Wanaume wengine ndivyo walivyo."

"Yule si wa hivyo, mama. Kuna kitu hakijakaa sawa, nami nitakiona."

Jumatatu aliwahi kazini, akaifungua tena barua ile, akaisoma polepole kama anayefundishwa kusoma. Hii ni barua yetu ya thelathini. Akatazama kando yake. Namba ishirini na nane.

Alinyanyua simu. Safari hii ilipokelewa.

"Uko wapi?"

"Kwenye foleni ya tiketi, dada."

"Dada! Toka kwenye foleni. Kumi na saba yako inasemaje?"

"Naijua kwa kichwa. 'Hapana. Usinisubiri, leo nimechoka.' Nimeisoma mpaka macho yanauma."

"Kwangu hiyo ni ya kumi na tano."

"Itakuwaje?"

"Nilifuta mbili zilizoitangulia, namba zikarudi nyuma. Zile tulizogombana."

Kelele za kituo zilisikika nyuma yake. Fundi akauliza taratibu, "Ulizifuta?"

"Nilishakusamehe. Kwani wewe bado unazo?"

"Ninazo."

"Za kazi gani, mpenzi?"

Fundi akakata simu. Nusu saa baadaye aliingia kliniki anahema, begi begani, shati la bluu limelowa jasho. Akasimama kwenye kaunta, akatoa simu, na mbele ya macho ya msichana akafuta ya kumi na nne, akafuta ya kumi na tano, akapanga namba upya. Kisha akashuka kwa kidole hadi kumi na saba, akasoma midomo ikicheza: Ndiyo. Hata mvua ikinyesha, nakuja.

Akafuta uso kwa kiganja. "Mimi fundi mzima!"

"Fundi wa mashine," alisema msichana. "Niulize tena."

"Utakubali nikuoe?"

Msichana akasimama, akanyoosha gauni, akapaza sauti ileile anayoitia foleni. "Kumi na saba!"

Kwenye benchi la nyuma mzee mmoja akainuka, mkono shavuni, kadi yake ya namba juu. "Nipo, mwanangu!"

"Kaa kidogo, baba," alisema, bila kumwondolea Fundi macho. "Hii ni yangu."