Kanga ya Shangazi Violeth

Kila jioni, baada ya kufungia ng'ombe zizini, Letisia alimpelekea uji shangazi yake Violeth chumbani. Shangazi alikuwa amerudi kijijini Maretadu kutoka Arusha, alikokuwa akisuka nywele saluni. Zamani alikuwa mcheshi, akicheka nyumba nzima inacheka. Sasa hata majirani walipokuja kusaidia kulima maharage, alijifungia ndani na kanga usoni. Mashavu yake yalikuwa yameota mavimbe magumu, mekundu.

"Ni jino tu," aliwaambia watu.

Letisia peke yake ndiye aliyeambiwa ukweli. Miaka kadhaa nyuma, mtu asiye daktari alimdunga shangazi sindano za kujaza mashavu ili apendeze.

"Usimwambie mtu, mwanangu. Nitauweka wapi uso wangu?"

Bibi Scolastica, mama yake Violeth, aliona mtoto wake anateseka. Asubuhi moja akaleta wembe na majivu ya mizizi ili amchanje chale mashavuni, kama alivyotibiwa yeye utotoni. Letisia alishika beseni, akimsubiri shangazi aseme. Shangazi alifumba macho, akaona heri akatwe kuliko kusema. Letisia naye akanyamaza, na jambo hilo lilimuuma sana.

Vidonda vilitunga usaha, homa ikapanda. Wakamkimbiza hospitali.

"Uvimbe ulianzaje?" daktari aliuliza.

"Jino," bibi alijibu.

Letisia alishindwa kuvumilia. "Shikamoo daktari. Siyo jino. Alidungwa sindano za kujaza mashavu."

Bibi alijishika kichwa. "Maskini mimi! Nimemkata mwanangu bure!"

Daktari alitibu vidonda, kisha akampeleka Violeth kwa mabingwa wa ngozi. Huko walipitisha uzi mwembamba unaotoa mwanga mkali wa leza chini ya ngozi, ukayeyusha madonge ya kile alichodungwa, yakakamuliwa. Mavimbe yaliisha. Makovu ya wembe yalibaki.

Msimu uliofuata, shangazi alitoka kuvuna maharage, uso wazi. Bibi alishindwa kumtazama, machozi yakimtoka.

"Usilie, mama. Hukujua, kwa sababu sikukwambia," Violeth alisema. Kisha akamgeukia Letisia. "Leza imeondoa nilichodungwa. Makovu haya ni ya ukimya wangu. Ukijua kinachomuumiza mtu, mwambie mkubwa mapema, hata kama mwenyewe amekukataza."

"Nilipaswa kusema siku ile ya wembe, shangazi."

"Mimi ndiye niliyepaswa kusema."

Akatandika chini kanga aliyokuwa akijifunika usoni, wote watatu wakaanza kumwaga maharage juu yake.