Matofali ya Fahadi

Kila asubuhi Salwa alifagia uwanja, akachota maji bombani, kisha akamsaidia mama yake, Bi Zaitun, kukaanga maandazi ya kuuza. Zamani kazi hizo alizifanya pamoja na dada yake Shamimu, wakitaniana na kucheka mpaka mama awakemee. Siku hizi Shamimu aliamka kabla ya wote, akajitanda khanga na kutoka bila kusema neno. Hakuna aliyemwuliza aendako. Nusu ya mji wa Mpwapwa ilijua.

Alikwenda kwenye kiwanja cha Fahadi, mchumba wake. Fahadi alikuwa kijana mchangamfu. Serikali iliporuhusu kila mtu kufanya biashara, aliacha kibarua na kuanza kufuata mitumba Dar es Salaam. Haukupita muda akapata kiwanja, akawa anafyatua matofali kwa mikono yake mwenyewe. "Nyumba kwanza, harusi baadaye," alizoea kusema. Siku ya ndoa ilikuwa imeshapangwa wakati basi alilopanda kwenda kufuata mitumba lilipopinduka njiani. Fahadi hakupona.

Kwa kuwa ndoa haikufungwa, Shamimu hakukaa eda. Watu walikuja msibani wakampa pole Bi Kudra, mama yake Fahadi, wakampita Shamimu aliyeketi mkekani kama mgeni mwingine yeyote. Hakulia. Arobaini ilipopita, akaanza kwenda kiwanjani kufunika yale matofali mabichi kwa nyasi, yasipasuliwe na jua wala kukanyagwa na mbuzi.

Shuleni hilo likawa jambo la kuchekesha. "Salwa, dada yako ameolewa na matofali!" Optatus alimwambia mbele ya wenzake, nao wakaangua kicheko. Salwa alirudi nyumbani akiwa amefura kwa hasira.

"Dada, utaacha lini?" alifoka. "Wananicheka mimi! Fahadi amekufa. Hata ukiyafunika mpaka mwakani, hatarudi!"

Shamimu alimtazama. Kisha akachukua mundu wake wa kukatia nyasi akatoka. Bi Zaitun aliinamia karai lake, akaendelea kulisugua.

Kesho yake, katika kipindi cha Kiswahili, Mwalimu Anastazia aliandika shairi fupi ubaoni:

*Ulikuja kama wingu, shamba kavu likacheka,*
*Ukapita, ewe wangu, matone hayakushuka,*
*Li begani jembe langu, mbegu bado nazishika,*
*Kutwa natazama mbingu, hata macho yanachoka.*

"Hili ni shairi la mapenzi," mwalimu alisema. Darasa zima la saba likaanza kuchekacheka na kusukumana. Mwalimu alisubiri wanyamaze. "Nani atanieleza habari za mtu huyu?"

Salwa alinyoosha mkono. "Ni mkulima, Mwalimu. Tena ni mjinga. Wingu limeshapita, yeye bado amebeba jembe. Si arudi nyumbani?"

Wenzake walicheka, lakini mwalimu hakucheka. "Usimhukumu kwanza. Niambie unaona nini. Shamba lilikuwaje kabla ya wingu?"

"Kavu."

"Wingu lilipokuja?"

"Likacheka." Salwa alifikiri kidogo. "Yaani mtu huyo alifurahi. Aliyempenda alipokuja, alifurahi kama sisi tunapoona wingu baada ya kiangazi."

"Vizuri. Na matone hayakushuka maana yake nini?"

Anjelina, aliyeketi naye dawati moja, alijibu, "Waliahidiana, ila ahadi haikutimia. Mwenzake aliondoka kabla."

"Sasa, Salwa, mbegu anazo mkononi. Hazipandi, hazitupi. Kwa nini?"

Salwa alianza kujibu, mara akakumbuka kiwanja cha Fahadi. Aliona matofali yaliyopangwa safu safu, na mikono ya dada yake ikitandaza nyasi juu yake. "Kwa sababu..." alisema kwa sauti ndogo, "akizitupa, hatabaki na kitu chochote cha mwenzake." Machozi yakamtoka palepale. Hakuna aliyecheka, hata Optatus, ambaye aliinamisha kichwa.

Saa za masomo zilipokwisha, Salwa hakupitia nyumbani. Alimkuta Shamimu kiwanjani, amepiga magoti, vumbi jekundu limemjaa hadi viwikoni.

"Dada, nisamehe," alisema. "Pole. Pole sana kwa kufiwa na Fahadi."

Shamimu aliacha kazi. "Umesema pole?" aliuliza. "Unajua, Salwa, hakuna mtu aliyeniambia neno hilo. Hata mmoja." Kisha akalia. Alilia kwa sauti kubwa, ameegemea bega la mdogo wake, mpaka wapita njia wakasimama.

Bi Zaitun alipoyasikia hayo, alimshika Shamimu mkono akampeleka kwa Bi Kudra, na Salwa akawafuata nyuma.

"Shikamoo, mama," Shamimu alisema mlangoni.

"Marahaba, mkwe wangu." Bi Kudra alimvuta akamketisha kando yake. "Nilidhani unanikimbia."

"Nilidhani sina haki ya kuja, mama."

Wakalia pamoja, na safari hii majirani waliofika waliwapa pole wote wawili.

Siku zile zile walishauriana. Mvua zikianza, matofali mabichi yangerudi kuwa udongo, hata yakifunikwa namna gani. Kwa hiyo vijana rafiki za Fahadi walipanga tanuri, wakayachoma, na Bi Kudra akajengewa chumba badala ya kile kilichokuwa kinabomoka. Shamimu ndiye aliyeweka tofali la kwanza. Uso wake haukuwa na furaha, lakini mikono yake ilikuwa imetulia.

Jioni hiyo Bi Zaitun aliketi uwanjani na Salwa. "Mwanangu," alisema, "mwalimu wako amekufundisha kutazama vizuri na kuuliza mtu anahisi nini kabla ya kumwita mjinga. Usiyafanye hayo kwa mashairi tu. Wafanyie watu. Mwenye majonzi mara nyingi hasemi. Utayaona katika anachokishika, na katika asichotaka kukiacha. Ukiyaona, usimcheke. Mpe pole."

Salwa alitikisa kichwa kukubali. Ndani ya nyumba Shamimu alikuwa ameanza kulia tena, taratibu. Salwa aliinuka, akaingia kuketi naye.