Redio ya Bibi na Sauti ya Mdai

Itangazwe kwa wote wenye masikio: katika nyumba ya fundi cherehani alizaliwa bingwa wa kuiga sauti! Bingwa mwenyewe, asubuhi hiyo, alikuwa amepiga magoti akiokota pini sakafuni. Nyumbani walimwita Kasuku.

Simu ya mama ikalia. Mama alikuwa amechelewa wiki mbili kulipa mkopo alioomba kwa simu, na mkusanya madeni hakuwa na haya.

"Wewe mama! Leo nawapigia wateja wako wote!"

Kweli akawapigia, maana mkopo ule wa simu ulikuwa umeipa kampuni namba zote za mama. Mchana mwalimu mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake kabla hakijakatwa. "Nasikia unakimbia madeni, fundi," alisema, bila hata kuketi.

Kasuku aliipenda sauti nzito ya yule mkusanya madeni. Mama alipoingia kuoga, Kasuku alichukua simu yake, akampigia bibi, mtaa wa pili, akiiga sauti hiyo. "Wewe mama! Mwanao mwizi, kesho tunamfunga!"

Alingoja bibi acheke. Bibi akakata simu. Kasuku akajiambia ataeleza baadaye. Baadaye haikufika.

Kesho yake bibi alikuja na noti ndani ya kitambaa. Alikuwa ameuza redio, mwenziwe tangu babu afariki, ili mwanawe asifungwe.

Mama akafuta machozi, akawachukua wote wawili hadi ofisi ya malalamiko ya wateja.

"Deni utalipa, mama," alisema afisa, "lakini kudaiwa si ruhusa ya kutukanwa. Sheria inawakataza wadai kutisha, na kuwapigia watu wasiohusika na mkopo."

Aliipigia kampuni palepale. Sauti nzito ikawa laini kama pamba: "Samahani, mkuu. Hatutarudia."

"Na bibi alipigiwa na namba ipi?" Afisa akachukua simu ya bibi, ambaye hakujua kusoma, akaisoma namba polepole.

Mama akashtuka. "Hiyo ni yangu."

Macho yote yakamgeukia Kasuku.

"Nilikuwa natania, Bibi."

"Sikulala, mjukuu wangu," bibi alijibu. "Nilikuwa namwona mwanangu gerezani."

Afisa akafunga faili. "Anayetishwa haoni kama unacheka upande wa pili. Kwake, wewe na yule wa kampuni ni mtu mmoja."

Wateja wengine walirudi. Redio haikurudi, kinyozi aliyeinunua alikataa katakata. Kila asubuhi inasoma habari kibarazani kwake, na mwokota pini huisikia vizuri sana.

Msiniulize nimejuaje. Kasuku ni mimi.