Jembe la Siku ya Tatu

Sauti iliyobisha hodi ilikuwa ya mtu mstaarabu: haikupazwa, haikuharakishwa, na baada ya kubisha ilingoja. Nesi alikuwa jikoni akiosha vikombe, mikono imejaa povu, akaitika bila kugeuka.

"Karibu."

Neno lilikuwa limekwisha kutoka alipokumbuka mahali alipo. Ile ilikuwa nchi ya watu wa kubonyeza kengele. Tangu aje kusomea uuguzi, hakuna aliyewahi kumbishia hodi, wala mwenyeji wa huko aliyelijua neno lenyewe. Na nyumba hii, waliyoikodi yeye na wenzake wawili ili wapumzike na masomo kuanzia Ijumaa ile hadi Jumapili, ilisimama peke yake katika msitu wa misonobari, mbali na barabara kuu. Alifungua mlango wa nyuma. Ngazi zilikuwa tupu, zinanyeshewa. Lakini zulia dogo la kufutia miguu, lililolala ndani, mahali pasipofikiwa na mvua, lilikuwa na alama mbili za nyayo zilizolowa.

"Nani kabisha hodi?" aliuliza alipoingia sebuleni.

"Abishe nani, na wote tumo ndani?" alijibu mwanafunzi wa sheria, ambaye wenzake walimwita Wakili kwa kuwa hakuwahi kukosa la kusema. "Labda ni tumbo la Nahodha. Linabisha tangu mchana."

"Tumbo langu lina adabu kuliko mdomo wako," alisema Nahodha, msichana mwenye gari, aliyewaendesha kutwa nzima bila kumruhusu mwingine aguse usukani.

Wakacheka, na Nesi akacheka nao.

Jumamosi haikuwa na utulivu. Nyumba ilianza kunuka udongo mkavu ulioonja mvua ya kwanza, harufu ya nyumbani kwao, ambayo nchi ile ya manyunyu ya kila siku haikuwa nayo. Kiti kisicho na mtu mezani kilikutwa kimevutwa, Nahodha akakirudisha, waliporudi kutoka matembezini kilikuwa kimevutwa tena, na alipokigusa kilikuwa na joto la mtu aliyenyanyuka muda ule ule. Lakini kilichomnyima Nesi raha kuliko vyote ni kikohozi. Kila alipotoka chumba hiki kwenda kile, nyuma yake palisikika kikohozi kidogo cha kusafisha koo, kile cha muungwana anayetaka ijulikane kwamba anaingia, na kila alipogeuka aliuona mlango ukisogea taratibu, kwa heshima, kana kwamba unampisha mtu.

"Jamani, hamsikii?" alinong'ona.

"Nasikia," alisema Wakili. "Nilijiambia una mafua. Niache niendelee kujiambia hivyo."

Jumapili asubuhi walifunga mizigo. Gari liliwaka mara moja. Nesi akaingia kiti cha nyuma, akafunga mlango, na injini ikazima.

"Hebu shuka kidogo," alisema Nahodha.

Akashuka, ikawaka. Akapanda, ikazima.

"Dada, jana ulikula nini?" aliuliza Wakili. "Gari linalalamika uzito."

Walirudia, na waliporudia tena hakuna aliyetania. Nesi akaamua kwenda kwa miguu hadi barabarani. Alipofika langoni, ganzi ilimpanda kutoka nyayoni hadi mapajani, akaanguka juu ya kokoto, na pale chini, karibu kabisa na sikio lake, mtu akasafisha koo.

"Niacheni," aliwaambia walipombeba kumrudisha ngazini. "Nendeni mkatafute msaada."

"Tukuache na nani?" aliuliza Nahodha, kisha akajuta kuuliza.

Nesi alimpigia simu bibi yake mzaa mama, ambaye nyumbani watu walimletea waliopandwa na mashetani. Aliiweka simu katikati yao ili wote wasikie.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona sauti imepauka hivyo?"

Alimweleza yote.

"Ukamkaribisha kabla ya kumwona."

"Ni mazoea tu, bibi."

"Najua. Mimi ndiye niliyekulea. Wale hawavunji milango. Huyo kaingia kwa ruhusa, na ruhusa umeitoa wewe. Sasa wewe ni mwenyeji wake, na mwenyeji hatoki akamwacha mgeni ndani peke yake. Ndiyo maana hakuachii. Usimtukane, wala usimfukuze. Mgeni akifukuzwa anakuwa adui. Kaingia lini?"

"Ijumaa."

"Basi leo ni ya tatu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mpe kazi, mwondoke akiwa kazini. Lakini nisikilizeni vizuri, nyote. Akija kulirudisha jembe, lisipokelewe. Mkono utakaolipokea ndio utakaokuwa mwenyeji wake hadi kaburini."

Kwenye banda la zana, kando ya bustani, walipata jembe la mpini mrefu. Nesi alilisimamisha kwenye ngazi za nyuma, akasema, "Mgeni wetu, leo ni siku ya tatu. Tusaidie kulima."

Jembe lilibaki limesimama. Kisha likainuka, si kwa kishindo, bali kwa utaratibu wa mtu anayepima uzito wa chombo asichokizoea, likashuka bustanini, likapanda juu, likazama katika udongo. Na mlio ule mzito, dii, dii, ukawasindikiza wakikimbia kuizunguka nyumba, wakiingia garini, Nesi katikati ya mabegi, na injini, kwa mara ya kwanza akiwa ndani yake, ikawaka na isizime.

Waliingia barabara kuu. Misonobari ilirudi nyuma, na Nesi alianza kuhisi ganzi ikimtoka miguuni, na alikuwa karibu kulia kwa faraja Wakili aliposema kwa sauti ya chini, "Ulimwambia alime wapi?"

"Nilisema alime tu."

"Hukumwekea mpaka?"

Wakageuka wote wawili. Kando ya lami, kwenye ukingo wa nyasi, tuta jipya la udongo mweusi lilikuwa likifunguka, likija nyuma yao kwa mwendo ule ule wa gari, nyasi zikipinduka mizizi juu moja baada ya moja, bila haraka, bila kukosea, kama kazi ya mtu anayependa kazi yake, likawafikia, likawa sambamba na dirisha la Nesi, na harufu ile ya mvua ya kwanza ikaingia ingawa vioo vyote vilikuwa vimefungwa, na injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza.

Nesi alishuka, kwani alijua hakuna mwingine wa kushuka. Jembe lilikuwa hewani mbele yake, limelala juu ya viganja visivyoonekana, bapa lake limepanguswa udongo wote, na mpini umeelekezwa kwake kama anavyokabidhi chombo mtu aliyefunzwa akafunzika. Mkono wake wa kulia ulinyanyuka wenyewe. Aliukamata kwa wa kushoto, akaurudisha mgongoni, akaushikilia hapo hadi vidole vikauma.

"Sipokei," alisema. "Kazi yako imeishia hapa. Liweke chini."

Kwa muda mrefu jembe halikushuka. Kisha likalazwa taratibu katikati ya lami, na aliyelilaza akashusha pumzi kama mtu mzima aliyeaibishwa mbele ya watu.

Gari likawaka. Walikuwa wamekwenda umbali wa kutosha kulia, kucheka na kushikana mikono, Wakili alipoacha kucheka, macho yake yakiwa kwenye kioo cha nyuma. Kule walikotoka, gari jingine lilikuwa limesimama. Mzee mmoja mwenye koti la mvua alishuka, akatazama huku na huku, akaanza kuinama ili aondoe barabarani kitu kile kisije kumdhuru mtu.

"Simama," alisema Nesi. Lakini alilisema polepole, kwa sauti ya mtu anayeomba asisikike, na Nahodha, aliyesikia vizuri, akaongeza mwendo.