Kitufe cha Swali la Kumi na Saba

Vuli ilipoingia Gabrovo, mji wa Bulgaria, kila roshani ilinukia pilipili hoho za kuchoma. Tsonka naye alikuwa kwenye roshani yake, ghorofa ya tatu, anachoma na kumenya. Mkono mmoja ulishika pilipili, mwingine ulishika daftari. Daftari lilikuwa limekunywa mafuta mengi kuliko mkate.

"Hilo daftari utalikaanga lini?" aliuliza Gencho, mumewe.

"Ukiishiwa maswali ya kijinga. Kwa hiyo halitakaangwa kamwe."

Tsonka alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha makoti, mpaka kiwanda kikafungwa. Ofisi ya ajira ikampeleka kwenye kozi ya kutengeneza kurasa za mtandao, hizi tunazofungua kwenye simu na kompyuta. Mtihani wa kwanza alifeli. Wa pili ulikuwa Ijumaa. Akifeli tena, anatolewa, nafasi yake anapewa mtu mwingine.

"Pumzika tu, mke wangu," alisema Gencho. "Mambo yale ni ya vijana."

"Sitoki. Wakinitaka nitoke, wanibebe na kiti."

Mlango ukagongwa. Alikuwa mzee Dobri wa ghorofa ya chini. Mzee Dobri haoni tangu kuzaliwa. Kazi yake ni kukanda watu migongo, na kompyuta anaitumia kwa sauti: yenyewe inamsomea.

"Nimefuata harufu," alisema. "Mbichi sitaki, nataka zilizoiva."

Tsonka akampa mkate na pilipili, kisha akajisifia ukurasa wake. Ulikuwa wa kuuzia lyutenitsa, rojo la pilipili hoho na nyanya. Una maandishi mekundu, picha tatu na kitufe cha kijani cha kuagizia.

"Ni mzuri," alikiri Gencho. Na Gencho hasifii hata harusi yake.

"Rangi mwachieni Gencho," alisema mzee Dobri. "Mimi nifungulieni sauti."

Kompyuta ikasoma. "Picha. Picha. Picha." Kisha ikasoma maneno yote kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Kwenye kitufe ikasema "Agiza" tu, bila kutaja kuwa ni kitufe.

"Kitufe kiko wapi?" aliuliza mzee.

"Si hicho cha kijani?"

"Mwanangu, umepaka rangi ukutani ukaniambia ni mlango."

Gencho akacheka. Tsonka akamtazama, naye akaacha kucheka.

"Kiwandani ulikuwa ukikaguaje koti?" aliuliza mzee Dobri.

"Nalipindua. Kwa nje kila mshonaji anajua kudanganya."

"Basi pindua na huu."

Tsonka akafungua maandishi ya ndani ya ukurasa, yale yanayoiambia kompyuta la kufanya. Mzee, aliyezijua kurasa kwa miaka ya kukwama nazo, akamweleza taratibu.

"Kuna lugha tatu. HTML inasema kitu ni nini: hiki kichwa cha habari, hii aya, hiki kitufe. CSS inavalisha: rangi, ukubwa, nafasi. JavaScript inakifanya kitu kitende, mtu akibonyeza. Wewe umeanza na nguo, mwili haupo."

"Kumbe nimeivalisha hewa koti."

"Tena koti zuri."

Wakaanza upya. Maneno makubwa yakawa vichwa vya habari vya kweli. Kila picha ikapewa maneno ya kuieleza. Kile cha kijani kikaandikwa kitufe ndani, si rangi tu nje.

"Sasa weka kipanya pembeni," alisema mzee. "Pita ukurasa mzima kwa kibodi. Ukikwama wewe, ujue nami nimekwama."

Siku tatu Tsonka alijaribu, akakosea, akarekebisha. Pilipili ziliungua. Gencho alizila hivyohivyo.

Ijumaa, mwalimu Yasen aligawa maswali thelathini. Alikuwa kijana mwenye ndevu zilizochongwa. La kumi na saba lilikuwa na ukurasa wenye kitufe cha buluu. Waliulizwa: kimetengenezwa sahihi? Tsonka akaupindua. Ndani hakukuwa na kitufe. Kulikuwa na kisanduku kitupu kilichopakwa rangi. Akaandika: si sahihi.

Matokeo yakatoka saa ileile. Kufaulu ni ishirini. Tsonka alipata kumi na tisa. Akasimama.

"Mwalimu, la kumi na saba nimepata."

"Mama, karatasi ya majibu inasema ni sahihi."

"Basi karatasi nayo imefeli."

Darasa likacheka. Yasen akabonyeza kitufe kwa kipanya, kikafungua ukurasa mwingine. "Unaona? Kinafanya kazi."

"Sasa weka kipanya chini. Bonyeza Tab, hapo kushoto mwa kibodi, usogee kitu kwa kitu."

Yasen akabonyeza. Alama ya kuonyesha ulipofika ikatoka juu, ikaruka kitufe, ikatua chini. Akarudia. Ikaruka tena.

Yasen akamsogelea Tsonka, akanong'ona. "Basi mama, nakuongezea moja. Umefaulu. Tusikuze mambo."

"Sikuomba kuongezewa. Badilisha karatasi." Tsonka akageukia darasa. "Nani mwingine aliandika si sahihi?"

Msichana wa nyuma, Snezha, akainua mkono. Naye alikuwa na kumi na tisa.

"Na wa kundi la mwezi uliopita, waliofelishwa na swali hilihili?" aliuliza Tsonka.

"Hayo ni ya ofisi, mama."

"Ofisi iko chini, na miguu ninayo. Cheti changu kaa nacho mpaka karatasi ibadilike."

Alikaa mlangoni pa ofisi siku tisa, na mkate wake na jibini. Waliomwambia arudi kesho aliwajibu kwamba kesho yupo, na leo yupo. Siku ya tisa mkurugenzi alichoka, akabonyeza Tab kwa kidole chake mwenyewe. Karatasi ikabadilishwa. Snezha akafaulu, na wawili wa mwezi uliopita wakaitwa. Ndipo Tsonka akapokea cheti.

Siku hizi anakagua kurasa katika kampuni moja ya hapo mjini, kabla watu hawajapewa. Siku ya kwanza aliletewa kurasa sita.

"Mama, usiwe mkali," alisema bosi. "Vijana wamechoka."

Tsonka akavaa miwani. Kufika saa ya chakula alikuwa amerudisha tano. Wa sita aliurudisha baada ya kula.