Harage Ukingoni mwa Barabara

Kila asubuhi Yudith alivuka barabara kuu ya Hedaru kwenda bombani. Mumewe, Eliezeri, aliuza sukari na sabuni katika kibanda cha mabati. Miaka ya kukosa bidhaa ilikuwa imepita. Biashara ilikuwa ruksa, na kila mtu alitaka duka.

Eliezeri alianza kujenga kwa matofali. Jirani yake, Yahaya, alikuwa amesogeza msingi wake karibu na barabara ili abiria wa mabasi wamwone kwanza. Eliezeri naye akachimba wake mbele zaidi. Ushindani wao ulikuwa huo: kukimbilia matairi ya magari.

Siku moja Bi Honorata, afisa mipango miji, alikuja kutoka Same. Aliwaita wajenzi wote kwenye ofisi ya kijiji. Mezani alichora barabara kwa chaki, akapanga viberiti vitupu kando yake. Kiberiti kimoja kilikuwa duka. Viwili, kimoja juu ya kingine, vilikuwa ghorofa. Alieleza kwamba hapangi nyumba moja moja. Anaweka kanuni kwanza, nyumba zote zinaifuata, na mji unaonekana kabla haujajengwa.

"Bwana Eliezeri, kanuni yako ni ipi?" aliuliza.

"Kumzidi jirani kidogo tu."

"Basi wote waifuate."

Akasogeza viberiti, kila kimoja mbele ya mwenzake, mpaka vikagusa chaki. Watu wakacheka, na Eliezeri pia. Kisha Bi Honorata akaweka harage kati ya maduka mawili, ukingoni mwa barabara.

"Huyu ni mtu anayekwenda bombani. Chuchumaa, utazame kama dereva."

Eliezeri akachuchumaa, macho yakawa sawa na meza. Aliona viberiti tu.

"Silioni," alisema polepole. Hofu ilimshika, maana alimfikiria Yudith.

Bi Honorata akabadili kanuni. Maduka yote yakae nyuma ya mstari mmoja, na ghorofa nyuma zaidi. Akarudisha viberiti. Eliezeri akachuchumaa tena, akaliona harage.

Kesho yake aling'oa msingi wake. Ilimuuma, kwani saruji aliipata kwa taabu. Yahaya aligoma kwanza, kisha akafuata huku amenuna.

Maduka yalipokwisha kujengwa, mabasi yalipata pa kuegesha, na abiria walishukia milangoni mwa maduka. Hata Yahaya aliacha kununa.

Asubuhi moja lori la mkonge lilikuja kasi wakati Yudith anaingia barabarani na ndoo tupu. Likafunga breki, likasimama mbali naye. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Nimekuona toka mbali, mama. Vuka."

Eliezeri alikuwa mlangoni, kipimo cha sukari mkononi. Akakaa kwenye ngazi ya duka.

Yudith aliporudi na maji alimkuta bado ameketi. Akamwuliza mbona wateja wanasubiri.