Kibuyu cha Rubafu

Jumamosi, saa 10:20 jioni. Kashai.

Chumba cha nyuma ya duka la vipuri. Dirisha limezibwa kwa gunia. Mezani, vibuyu vitatu vya lubisi, pombe ya ndizi.

"Hiki ni entundu ya Muleba," alisema Gaudiosa. "Hiki kisubi ya Kitendaguro. Na hiki embiire, ndizi za mama, Rubafu. Zote nimekamua mwenyewe."

"Sijaja kufundishwa migomba." Gozbert, mkuu wao, hakuinua macho. "Nataka mzee alale."

Mzee ni Kaijage, mlinzi wa ghala la kahawa Muleba. Hapokei rushwa. Haogopi panga. Ana ugonjwa mmoja tu: ukimpelekea pombe ya ndizi za sehemu mbalimbali azilinganishe, anakufungulia geti. Anaonja, anataja mgomba, anataja mpaka udongo.

"Vidonge vya usingizi naviweka kwenye cha tatu," Gozbert alisema. "Viwili vya kwanza vya kumzoesha. Akilala, funguo ziko kiunoni. Tunapakia, tunaondoka."

"Mleta pombe huonja kwanza," alisema Dastan. Yeye ndiye dereva. Ndiye pia mume wa Gaudiosa.

"Ataonja cha kwanza. Inatosha."

"Mzee akidai na cha tatu?"

Gaudiosa alicheka. "Nitalala kidogo. Utanibeba, si una mgongo?"

Fungu lake alishalipangia: frem ndogo, lubisi kwenye chupa, chupa zenye jina la Evelyne, binti yao. Evelyne ana miaka miwili. Usiku ule alilala kwa bibi yake mzaa baba, Kitendaguro.

Jumapili, saa 3:50 asubuhi. Muleba.

Watu wako misani. Pikapu imefichwa kwenye mikaratusi. Gozbert alikitikisa kibuyu cha tatu, akamkabidhi Gaudiosa bila kumtazama.

Saa 4:05.

"Karibu, mwanangu, waitu!" Kaijage alifungua geti. "Leo umeniletea wageni watatu?"

"Watatu, Tata."

Gaudiosa akamimina entundu kwenye endeku, kile kibuyu kidogo cha kunywea. Akaonja, akampa. Mzee akafumba macho, akaizungusha mdomoni. Kisha akaitema kwenye majivu ya moto wake wa usiku.

"Muleba. Imekaa mno kwenye mtama."

Gaudiosa alishusha kibuyu. "Tata, mbona unatema?"

"Vidonda vya tumbo. Mwezi wa pili sasa. Daktari kanikataza kumeza." Akacheka. "Kuonja hajanikataza."

Hili hakuna aliyelijua. Mzee hatalala.

Kisubi nayo Gaudiosa akaionja, mzee akaitema. "Tamu, lakini haina mfupa. Lete cha tatu."

"Hicho kimechacha, Tata. Tukiache."

"Embiire ya Rubafu ichache kwa mikono yako? Onja, mwanangu. Kila kibuyu ni mgeni wake."

Kukataa ni kukiri. Na nje ya uzio Gozbert ana panga.

Usingizi tu, Gaudiosa alijiambia. Akanywa. Kaijage akapokea, akazungusha, akasimama ghafla. Akatema, akasukutua kwa maji, akatema tena.

"Mtoto! Umemeza?"

Endeku ikaanguka, na Gaudiosa akaifuata.

Saa 4:21.

Dastan alikuwa anachungulia kwenye uzio. "Gaudiosa amekunywa. Amelala. Nikambebe?"

Gozbert alilitwaa panga lake.

"Mwache."

"Nini?"

"Havikuwa vidonge. Ni dawa ya wadudu wa mibuni. Ulitaka mzee aamke atutaje?"

Dastan alimpiga kwa spana ya gurudumu. Panga likajibu, likampasua bega. Akapiga tena. Gozbert akaanguka. Dastan akapanda pikapu, akalivunja geti nayo.

Kaijage angeweza kupuliza filimbi. Hakupuliza. Alimshika Gaudiosa miguu, Dastan mabega. Wakampakia nyuma pamoja na vibuyu, mzee akampakata kichwa.

Gozbert aliokotwa na waliotoka misani, panga bado mkononi.

Saa 4:40. Njiani.

Damu ilitiririka mpaka kwenye usukani. Kioo cha nyuma kilishavunjika kitambo. Dastan alisikia kila neno.

"Tata." Sauti ilikuwa ndogo. "Nisamehe."

"Kaa macho, mwanangu."

"Ipi... ipi nzuri?"

Mzee alimfuta povu kwa shuka lake.

"Ya Rubafu. Chini ya ule uchungu nimeiona. Ndizi za mama yako. Hakuna inayoifikia."

"Kweli?"

"Kweli, waitu."

Saa 4:52. Hospitalini.

Nesi alitoka mbio na machela. Alimgusa Gaudiosa shingoni, akapunguza mwendo.

Polisi walikuja mchana. Walimfunga Dastan pingu juu ya bandeji. Hakukana kitu. Aliomba kimoja: Evelyne aambiwe na bibi yake, si na mtu mwingine.

Wakataka vibuyu vyote vitatu viwe kielelezo. Kaijage aliwakabidhi kile cha Rubafu. Viwili akavikumbatia kifuani.

"Mzee, na hivyo navyo."

"Hivi vinakwenda msibani. Waombolezaji watakunywa nini?"

"Utajuaje kama ni salama?"

Mzee alimtazama yule askari kama anayemtazama mtoto wa ugenini.

"Aliyevileta," alisema, "alionja kwanza."